Swali la Mkazi wa Donggok

Donggok, 12 Aprili

Mwanangu Da-on,

Theluji ya mwisho imeondoka paani juzi, na mama yako mkubwa ameshaanza kupanda mlimani kuchuma majani machanga. Anakusalimu. Anasema majani ya mwaka huu ni machungu kuliko ya mwaka jana. Mimi namwambia ni ulimi wake uliozeeka. Nyumbani ni wazima. Baba yako anakohoa kama anavyokohoa siku zote.

Sikuandikii kwa ajili ya majani. Nimesoma gazetini kwamba Kamati ya Midahalo, ambako wewe umeajiriwa, imeamua midahalo mitatu ya wagombea urais isifanyike Seoul bali mikoani, na kwamba wilaya yoyote inaweza kuomba kuwa mwenyeji. Sisi tumeomba. Ombi nimeliandika mimi. Mkuu wa Wilaya, Bwana Tak, alikuja kwangu na rasimu ya karani wake. Nilisoma mstari wa kwanza nikamrudishia.

"Ina kosa gani, Mwalimu?" akauliza.

"Haina kosa, Bwana Tak. Yenyewe ndiyo kosa."

Jambo moja limenikera. Jina la mji wetu nililiandika kwa herufi zetu, na kando yake kwa herufi za Kichina, kama inavyompasa mtu aliyesoma, ili msomaji ajue kuwa hii ni Donggok, yaani Bonde la Shaba. Karani akazifuta. "Mzee, siku hizi nani anazisoma hizo? Kwenye kompyuta zinatokea kama visanduku vitupu." Nimefundisha lugha miaka thelathini na minane ili niambiwe habari za visanduku vitupu.

Niambie ukumbi huchaguliwa kwa vigezo gani. Usinijibu kwa simu. Kwenye simu unasema "ndiyo, ndiyo" huku unaandika kitu kingine. Nasikia vidole vyako.

Ndugu mkubwa wa baba yako,
Pyo In-gyu


Seoul, 6 Mei

Kwa Baba Mkubwa ninayemheshimu,

Nakuinamia kutoka mbali, wewe na Mama Mkubwa. Nisamehe kwa kuchelewa. Maua ya masika yamechanua na kupukutika bila mimi kuyaona, maana naingia ofisini kabla ya jua. Nakula vizuri. Chumba changu kimepata dirisha jipya.

Vigezo si siri, vimetangazwa. Ukumbi uwe na viti mia tano, na dari yenye kimo cha mita saba kwa ajili ya taa. Umeme uwe wa njia mbili. Vyumba vya kulala wageni visipungue mia mbili, na stesheni ya treni isiwe mbali. Timu yetu itashuka mikoani mwezi wa Juni kukagua. Tena imeonekana vyema kwamba katika kila mdahalo mkazi mmoja wa mahali hapo aulize swali. Wakazi wataandika maswali yao, na lililoandikwa vizuri kuliko yote litachaguliwa bila kutazama jina.

Kuhusu ombi la wilaya yoyote, siruhusiwi kuzungumza na mwombaji, na hasa akiwa ndugu. Nakuomba pia usinitumie barua kwa anwani ya ofisini. Tumia ya nyumbani.

Baba anakula?

Da-on


Donggok, 19 Mei

Da-on,

Sote tu wazima. Mama yako mkubwa amekutumia majani makavu. Yaloweke usiku kucha, si saa moja kama ufanyavyo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Umeandika timu "itashuka mikoani". Mji huu uko mita mia nane juu ya bahari. Kutoka Seoul hadi hapa basi linapanda kwa muda wa saa tatu na nusu, na watoto wanatapika. Mtu hashuki kuja Donggok. Najua watu wote wa Seoul husema hivyo: kwenda kwao ni kupanda, kutoka kwao ni kushuka, hata kama anayetoka anakwea mlima. Wewe umezaliwa hapa. Umeandika pia "imeonekana vyema". Imeonekana na nani? Sentensi isiyo na mtenda ni kama nyumba iliyofungwa: unagonga, hakuna wa kukujibu.

Sasa vigezo vyako. Ukumbi wa wilaya una viti mia sita na ishirini. Dari nimeipima mwenyewe kwa mwanzi. Ni mita saba na robo. Bwana Tak alinishikia ngazi huku akilia, "Mwalimu, ukianguka nitamwambia nini mkeo?" "Mwambie dari inatosha," nikamjibu. Umeme wa njia mbili tunao tangu enzi za mgodi. Mabweni ya wachimbaji yana vyumba mia mbili na sabini, vyenye sakafu zinazopashwa moto. Stesheni hatuna. Reli waliing'oa mgodi ulipofungwa, na wala si sisi tulioing'oa.

Nikuambie kwa nini naliandama jambo hili. Wodi ya mapafu ya hospitali yetu ina vitanda arobaini na kimoja, na wenye hospitali wametangaza kwamba Januari wataifunga na kuwapeleka wagonjwa mji mwingine, mwendo wa saa mbili. Wagonjwa wote ni watu waliovuta vumbi la shaba ili Seoul ipate nyaya zake. Tumeandika barua kumi na nne. Tumejibiwa mbili, zote zikisema jambo letu "linafanyiwa kazi". Nataka watu watatu wanaotaka kuongoza nchi hii wasimame mita mia nne kutoka kwenye wodi hiyo, mbele ya kamera, waulizwe ndiyo au hapana.

Baba yako yupo.

In-gyu


Donggok, 23 Juni

Da-on,

Sisalimii kwa urefu, maana nimekasirika, na salamu ya mtu mwenye hasira ni unafiki.

Barua ya Kamati ilisema wakaguzi watafika Donggok jana saa nne asubuhi. Tulifagia barabara kuanzia darajani. Mama Bun-i wa mkahawa alifunga biashara yake akaandaa chapati za viazi za watu thelathini. Bwana Tak alivaa tai iliyombana hadi akawa na rangi ya bilinganya. Wagonjwa tisa wanaoweza kukaa walitolewa nje na viti vyao, wakawekwa juani karibu na lango la ukumbi, ili wakaguzi wawaone.

Saa nne ikapita, ikaja saa sita. Saa tisa Mama Bun-i akasema, "Jamani, chapati zimekuwa kandambili. Kuleni, kesho hazitafaa hata kwa mbwa." Tukala. Wagonjwa wakarudishwa ndani. Mmoja wao alitaka kubaki hadi jioni, akisema huenda gari limepata pancha.

Wako wapi? Jibu kwa sentensi yenye mtenda.

In-gyu


Seoul, 14 Julai

Kwa Baba Mkubwa,

Mvua hapa hazikatiki, nguo hazikauki. Natumaini ukuta wa nyuma haujavuja tena.

Ratiba ilibadilika. Nafuatilia. Siwezi kusema zaidi.

Ni nani yule aliyetaka kubaki hadi jioni?

Da-on


Donggok, 8 Agosti

Mwanangu Da-on,

Ukuta haukuvuja. Mahindi yamekomaa, na mama yako mkubwa amekuchemshia ya kukutumia, ingawa namwambia yatachachuka njiani.

Nimekuwa mkali kwako, na leo nayarudisha maneno yangu. Asubuhi hii redio imetaja kumbi tatu zilizochaguliwa, na ya tatu ni Donggok. Bwana Tak alikuja mbio akiwa na kandambili za nyumbani. "Mwalimu! Sisi! Wametuchagua sisi bila hata kutuona!" Nikamwambia kwamba hilo ndilo linalotokea ombi likiandikwa kwa lugha sahihi. Sasa ninavyoandika, wanafunga kitambaa cha manjano chenye maandishi kutoka nguzo hadi nguzo: DONGGOK YAWAKARIBISHA WAGOMBEA. Nimekwenda wodini kuwaambia. Mzee mmoja amemwomba muuguzi amwandikie swali lake, wengine wakadakia, na kukawa na ugomvi kama wa sokoni.

Nitamalizia kesho, nimeitwa ukumbini.

9 Agosti. Gazeti limefika na picha. Lina picha ya Donggok yenye bahari, hoteli ya ghorofa kumi na nne, na stesheni ya treni ya mwendo kasi. Ni Donggok ya kule mkoa wa Jeolla Kusini, yaani Bonde la Mashariki. Kwa herufi zetu majina hayo mawili ni jina moja. Kwa herufi za Kichina hata mtoto asingeyachanganya.

Bwana Tak amepanda ngazi mwenyewe kukishusha kile kitambaa. Hakutaka msaada.

Swali langu la Juni bado linangoja.

In-gyu


Donggok, 20 Septemba

Da-on,

Sikukuu ya mavuno imepita. Makaburi tumeyafyeka. Sahani ya chakula tulikuwekea, kama tulivyokuwekea mwaka jana, mwaka juzi na mwaka ule mwingine. Nimeila mimi.

In-gyu


Seoul, 2 Oktoba

Kwa Baba Mkubwa ninayemheshimu,

Nimeianza barua hii mara sita. Nakuomba uisome ukiwa umeketi.

Orodha ya safari ya wakaguzi niliiandika mimi. Kila wilaya niliiandika pamoja na mkoa wake, isipokuwa moja. Yetu niliiandika "Donggok" basi. Nilipofika mahali pa kuandika "Gangwon", mkuu wangu, Bwana Mok, alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Akauliza, "Donggok ndiyo wapi hiyo?" Nikasema, "Sijui vizuri." Nikaichapa hivyohivyo. Dereva aliingiza jina kwenye mashine ya njia, na mashine ikampa mji mkubwa zaidi. Wenyeji wa kule waliwaambia wakaguzi hawakumbuki kuomba, lakini karibuni sana. Wakajaza ombi mchana huohuo. Nilipogundua, nilimwambia Bwana Mok kwamba kuna Donggok nyingine. Akasema, "Imetokea. Tena imetokea vizuri, kule kuna treni." Sikusema kwamba hiyo nyingine ndiyo kwetu. Hapa wote wanajua natoka Chuncheon, kwa kuwa ndiko nilikosoma sekondari.

Utauliza kwa nini. Siku yangu ya kwanza ofisini walikuwa wakimzungumzia mtu aliyekuja kuomba kazi akakosa. Mmoja akasema, "Yule wa migodini? Hata kikohozi chake kina lafudhi!" Wakacheka. Halafu akanigeukia, "Na wewe dada, wa wapi?"

Baba Mkubwa, mimi pia nilikuwa nimeshacheka.

Tangu siku hiyo sijui nitaketije kando ya Baba nimsikilize anavyokohoa. Ndiyo maana sahani yangu inaliwa na wewe. Kazi haijawahi kunizuia.

Da-on


Donggok, 11 Oktoba

Da-on,

Barua imefika. Nimeisoma nikiwa nimeketi, kisha nikatoka nikapasua kuni, nyingi kuliko tunazohitaji.

Sina la kukuambia kuhusu kicheko hicho. Si mimi niliyechekwa.

Nimeziomba kanuni za mdahalo kwa posta, nikazisoma zote. Kanuni ya tisa inasema: "Swali litaulizwa na mkazi wa Donggok." Haitaji mkoa. Aliyeiandika hakuwa na mwalimu mzuri, nami sioni sababu ya kumsahihisha. Mimi ni mkazi wa Donggok tangu mwaka niliozaliwa.

Usinijibu. Ninakupa habari tu, sikuombi ruhusa.

In-gyu


Donggok ya Mashariki, 28 Novemba

Kwa Baba Mkubwa,

Natumaini mabasi yote matatu yamekufikisha salama, na kwamba Mama Mkubwa hakukufungia mlango. Bado niko huku; tunafungasha mitambo. Jana hatukuweza hata kusalimiana, kwa hiyo nakuandikia mambo ambayo usingeyaona ukiwa umesimama kwenye maikrofoni.

Maswali yalikuja mia mbili na kumi na saba, yote kwa namba. Bwana Mok aliyasoma kwa sauti hadi sauti ikamkauka. Nusu yake hayakuwa maswali. Yalikuwa malalamiko yenye alama ya kuuliza. Alipofika namba mia na tisa akalisoma mara mbili: "Wodi ya mapafu ya hospitali ya Donggok ina vitanda arobaini na kimoja, na itafungwa Januari. Je, wewe binafsi utaizuia isifungwe: ndiyo au hapana?" Akasema, "Hatimaye mtu anayejua nukta inakaa wapi. Hili ndilo." Mimi nilijua ni la nani kabla hajafika kwenye neno "binafsi". Nilinyamaza, na mara hii sikunyamaza kwa woga.

Mlangoni mimi ndiye niliyekagua kitambulisho chako. Ulinitazama kama usiyenijua. Nilisoma "Gangwon" waziwazi. Nikagonga muhuri.

Majibu uliyasikia. Wa kwanza alisema amepita mbele ya hospitali ya Donggok asubuhi, na kwamba upepo wa bahari pale peke yake ni dawa ya mapafu. Wa pili alisema amekula chaza mjini hapa na watu wenye chaza kama hizi wataishi miaka mia. Ukumbi ukampigia makofi. Wa tatu alisema ataunda tume. Hakuna aliyesema ndiyo, hakuna aliyesema hapana. Wewe ukasema, "Donggok yangu haina bahari," lakini sekunde zako thelathini zilikuwa zimekwisha na maikrofoni ilikuwa imezimwa. Nyumbani kwenye televisheni watu wameona midomo yako tu. Mimi nilisikia, maana nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwako.

Baada ya matangazo Bwana Mok alipekua kadi za wageni. "Nani alikagua kitambulisho cha yule mzee?"

"Mimi."

"Hukuona mkoa?"

"Niliuona."

"Sasa?"

"Ni baba yangu mkubwa. Ile Donggok nyingine ndiyo kwetu. Baba yangu yumo kwenye wodi hiyo tangu kabla sijaanza kazi hapa."

Akaiweka kadi mezani. "Si ulisema wewe ni wa Chuncheon?"

"Nilisema uongo, Bwana Mok. Hata orodha ya Juni niliiharibu mimi."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Tangu leo nimetolewa kwenye kazi ya kumbi, nimepelekwa stoo ya nyaraka. Wenzangu wananikwepa kwenye lifti, wengine kwa haya nadhani, kwa kuwa wanakumbuka walichokuwa wakikicheka.

Tulishindwa, Baba Mkubwa. Lakini niambie, Baba aliona?

Da-on


Donggok, 6 Desemba

Mwanangu Da-on,

Mama yako mkubwa alinifungulia mlango, ila hakunipa chakula hadi nilipomwambia yote. Theluji imeshafika magotini.

Aliona. Waliwasha televisheni wodini, na wote waliokuwa macho waliona. Yule wa upepo wa bahari alipoongea, mgonjwa wa kitanda cha dirishani akasema, "Fungueni dirisha basi, tuuvute huo upepo wake." Walicheka hadi muuguzi akaja na mitungi ya oksijeni. Kisha hawakucheka tena. Wenye hospitali wameleta barua: wodi inafungwa tarehe 8 Januari. Magari manane yatawahamisha wagonjwa. Bwana Tak ameandika ombi la kumi na tano, peke yake. Nimelisoma. Lina makosa, lakini lina mtenda.

Sasa nitasema nilichokuficha, kwa kuwa si haki mimi kudai ukweli kwako huku nikiuzuia wangu. Nilipoandika "anakohoa kama anavyokohoa siku zote", haikuwa hivyo. Tangu Machi baba yako analala na mrija wa oksijeni, na tangu Agosti anautoa tu anapotaka kusema jambo, kwa hiyo husema machache. Siku ile ya Juni, aliyetaka kubaki hadi jioni alikuwa yeye. Alijua ofisi yako ndiyo inayotuma wakaguzi. Alidhani huenda umo kwenye gari.

Barua yako ya Oktoba sijamsomea. Kuna maneno ambayo mtu huyapeleka mwenyewe.

In-gyu


Seoul, 19 Desemba

Kwa Baba Mkubwa,

Uchaguzi umekwisha leo, nawe umeshasikia nani kashinda. Ni yule wa chaza.

Nitakuja tarehe 7 Januari kwa basi la saa moja asubuhi, na tarehe 8 nitapanda gari moja na Baba. Nimeomba likizo ya siku kumi. Karani wa stoo alisoma fomu akauliza, "Donggok ipi?" Nikamwelezea njia yote, kuanzia stendi hadi darajani, hadi lango la hospitali. Hakuwa ameniuliza hayo yote.

Sijui nitaanza na neno gani. Kama unalo, nipe.

Da-on


Donggok, 27 Desemba

Mwanangu Da-on,

Sina neno la kukupa. Utakapoingia usistuke, amekonda, na mikono yake ni ya baridi. Kaa upande wa kulia; sikio la kushoto liliharibika kwa baruti.

Nilimwambia leo asubuhi kwamba unakuja. Nikadhani hakusikia, nikarudia. Akafumba macho, nami nikachukua kofia yangu nitoke. Nilikuwa nimefika mlangoni alipoutoa mrija.

"Kaka," akasema, "mwite mtu aninyoe."

Nikamwambia zimebaki siku kumi na moja, ndevu zitaota tena.

"Basi ataninyoa tena," akasema.

In-gyu